Mwalimu Aliyeidanganya Telefone

Mwalimu hakuuliza njia hata siku moja. Hapa Butembo hata mwizi anaulizaka njia, lakini yeye hapana. Alikuwa anasema mutu anayeuliza njia ni mutu aliyekosa carte, ramani, mu kichwa. Basi na ile carte yake ya kichwa, siku moja alienda Beni ku matanga ya mwalimu mwenzake, akafika ku matanga ya batu bengine kabisa. Akakaa pale masaa matatu. Akalia. Balipomuomba neno, akasimama, akamusifu marehemu kwa miaka yote aliyotumika na chaki na ubao, na marehemu alikuwa mama muuza mafuta ya mawese. Batu bakapiga makofi. Nyuma nikamuuliza: «Mwalimu, hukuona kama ile picha ku jeneza ni ya mama?»

Akanijibu: «Kila marehemu anahitaji salamu. Donc sikupotea.»

Ni huyo. Jina yake sitaandika, na hata ningeandika, hapa Kimemi, mutaa yetu ya Butembo, hakuna mutu angejua ni nani. Padri alimuita Mwalimu, mama ba soko balimuita Mwalimu, na muke wake, Mungu amulaze pema, alimuita Mwalimu hata mu nyumba, hata bakigombana.

Alinifundisha mwaka wa tatu na wa ine primaire kule Vuhovi, na ule wa ine ndio nilimalizia. Ninasema wazi, sifichi. Nilitoka mule na kuhesabu mpaka elfu, na alama ya fimbo ku kiganja. Ilitosha. Leo niko na Fuso mbili, jeep moja, nyumba ya étage yenye ngazi, na depot ya mabati na misumari ambayo batu banatoka mpaka Lubero kuitafuta. Bale balionipita mu bulletin ya masomo, babili kati yabo ni bachauffeur bangu. Sibacheki. Nabalipa.

Lakini Mwalimu alikuwa ananiita «Élève». Mbele ya baclients! Mutu amekuja kununua bati za kanisa nzima, ananiita Patron hapa, Patron pale, na Mwalimu yuko mu kona ku kiti yangu ya plastiki anasema: «Élève, ile mufuko umeandika kilo, na kilo inaandikwa na k moja.» Client anageuka, anatafuta mutoto wa masomo iko wapi.

Alivaa koti moja ya rangi ya kahawa, na ku mufuko ya kifua kalamu ine. Tatu hazikuwa na wino. Nilimuuliza anazibebea nini. «Batu banahesabu kalamu,» alisema. «Hakuna anayeangalia wino.» Mu mufuko ingine alikuwa na mètre ya mushonaji, ile ya kukunja, na alipima kila kitu: meza za soko, mabega ya choristes ba kanisa, shimo za barabara. «Kipimo hakina ndugu» ilikuwa neno yake kubwa. Nilipomaliza nyumba yangu, alikuja bila kuitwa, akapima ngazi yote akiwa amepiga magoti, akasema: «Ngazi ya saba inadanganya kwa vidole viwili.» Nilimucheka mbele ya mafundi. Mpaka leo bageni bangu banaanguka ku ile ya saba. Nabaambia ni viatu vyabo.

Usifikiri sasa alikuwa mutakatifu. Mutu aliyetupiga kwa sababu ya uongo, mutu aliyerudisha kalamu ya wenyewe kwa mwendo wa saa nzima mu mvua, huyo huyo, akifika ku barrière, pale baaskari banalipisha kila gari kwa ukubwa wake, aligeuka mutu mwengine. Munajua desturi yetu: ku barrière hakuna gari kubwa. Kila Fuso ni camionnette, kila camionnette ni taxi, na mizigo yote ni ya famille. Chauffeur anayesema ukweli ku barrière, benzake banamupeleka ku daktari. Mwalimu alikuwa bingwa wa hayo. Nilimubeba mara mingi makusudi, ju Kifaransa chake kilikuwa kirefu na baaskari balichoka kukisikiliza. Siku moja nikamuuliza: «Na ile fimbo ya uongo, Mwalimu?»

«Dhambi ni kumudanganya mutu. Barrière ni mutu?»

«Kuna mutu anayeichunga.»

«Huyo simudanganyi. Ninadanganya mti ule wa kupanda na kushuka.»

Ndivyo alivyokuwa. Sasa niseme shida yake, ju bila hiyo hamutaelewa mengine.

Nyumba yake ya Vuhovi alikuwa ameiacha wakati batu bote balikimbia vita. Aliporudi kuitazama, alikuta kuta mbili na mihogo mu salon. Hivyo akaja kuishi hapa Kimemi kwa binti yake, maana yake kwa mukwe wake. Mukwe ni kijana mwema, fundi wa moto, zile pikipiki, hakumukatalia kitu. Lakini kwetu, muzee mwenye ndevu kula kila siku ku mukono wa muume wa binti yake, hiyo ni haya kubwa kuliko kuiba. Babili bakikutana mu couloir ya nyumba, kila mumoja aligeukia ukuta wake sawa bajambazi. Mwalimu hakutoka mu chumba mpaka mukwe aende kazini, na hakurudi mpaka ajue mukwe amekwisha kula. Katikati ya hapo, fasi ya kukaa ilikuwa depot yangu. Na mimi, mudomo yangu haina breki, kila saa sita nilimuuliza mbele ya bafundi bangu ba depot: «Mwalimu, leo mukwe alikuachia mufupa?» Alikuwa anatazama ukuta, anapima bati kwa macho.

Binti yake mwengine anafanyaka biashara Kampala. Ni yeye alimutumia telefone kubwa, na ndani yake programme ya bachauffeur ba magari makubwa. Unaandika unatoka wapi, unaenda wapi, na sauti ya mwanamuke mumoja inaanza kukuonyesha njia kwa Kifaransa. Mimi nilisema, hii Mwalimu ataitupa, si yeye haulizi njia. Hapana! Aliipenda sawa bibi-arusi. «Sikumuuliza,» alisema. «Ni yeye mwenyewe anasema.» Aliifungua hata kutoka depot mpaka ku kanisa, njia aliyopita kila siku. Madame wa telefone akisema geuka kushoto na kushoto ni choo ya mama mumoja muuza makaa, Mwalimu alisimama, akaitazama ile choo na heshima. Na alimujibu! «Tournez à gauche.» «Oui, madame.» Bafundi bangu balikuwa banalia kwa kicheko.

«Mutu mwenye Kifaransa kama kile,» alisema, «hawezi kudanganya.»

Alianza hata kufundisha bachauffeur bangu. Alibakalisha ku mifuko ya misumari, akaonyesha fasi ya kuandika gari yako ni ya namna gani: voiture ndogo, camionnette, camion kubwa, na kama unavuta remorque, kitu cha magurudumu nyuma, urefu, upana, uzito. «Mashine haina macho,» alisema. «Inajua tu kile umeiambia. Ukivuta remorque na ukanyamaza, itakupitisha fasi ya kuku.» Alirudia mara tatu, akabauliza mumoja mumoja sawa batoto. Kumbukeni hiyo. Nabaambia ju mujue huyu mutu hakukosa elimu.

Sasa, kule Beni shirika moja la bazungu liliondoka, likaacha mu uwanja caravane. Kama hamujaona: ni nyumba nyeupe ya magurudumu mawili, inavutwa na gari, na ndani kuna kitanda, meza ya kukunja, kabati na dirisha zenye rideau, pazia. Nyasi zilikuwa zimeingia mpaka ku mulango. Batu ba Beni balipita hapo miaka, banaogopa. Mimi siogopi kitu, ndiyo sababu niko pale niko. Nikasema: hii itakuwa bureau, ofisi yangu, hapa Butembo hakuna patron mwenye bureau ya magurudumu. Nikamuchukua Mwalimu anisomee mapapier ya kuinunua.

Hakusoma papier. Aliingia ndani, akafunga mulango, akakaa. Tulingoja. Chauffeur wangu Kambale akagonga bati: «Mwalimu, umelala?» Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Halafu akasema neno ambalo sikulisikia kwake tangu nizaliwe:

«Patron.»

Nikageuka kuona Patron mwengine ni nani.

«Patron, hii kitu, ku usiku itakuwa na mulinzi?»

Nikaelewa mara moja. Niko na akili ya soko mimi. Nikamuambia: «Uifikishe Butembo nzima, Mwalimu, bila kuvunjika hata kioo, na utalala ndani. Mchana ni bureau yangu, jioni ni nyumba yako. Ku parcelle yangu, kiwanja yangu mwenyewe, si ya mukwe.»

Alitoa mètre. Aliipima ile caravane siku nzima: urefu, upana, urefu wa chini mpaka juu, kutoka gurudumu moja mpaka lingine. Aliandika yote mu cahier na kalamu ile moja yenye wino.

Kesho yake asubuhi, tulifunga caravane ku jeep. Kambale ku usukani, mimi nyuma sawa mukubwa, Mwalimu mbele na cahier ku magoti na telefone ku mukono. Akaandika Beni, akaandika Butembo. Halafu nikaona anafunika telefone na koti na kutazama inje sawa mutu anayefuatwa.

«Nini?»

«Inauliza mingi.»

«Inauliza nini?»

«Urefu. Uzito. Kama tunavuta remorque.»

«Si umepima jana? Tia.»

«Nilipima ju yetu sisi.» Akashusha sauti, madame asisikie. «Mais huyu anayeuliza, nani alimutuma? Leo anauliza uzito, kesho anakuja ku parcelle na quittance ya kodi.»

Kambale akacheka: «Mwalimu, ni wewe ulitufundisha. Mashine haina macho.»

«Kama haina macho, itajuaje kama ninadanganya?»

Akaandika: voiture. Remorque: non. Na mimi, nisijifanye malaika, nilisema ni vizuri. Mutu anayekuuliza gari yako ni kubwa namna gani, kwetu, unamujibu ndogo. Mudomo unajijibu wenyewe. Tukacheka bote batatu, tukatoka Beni tukiwa taxi.

Ku barrière, kijana mwenye cachet, ule muhuri wa risiti, alizunguka caravane mara mbili.

«Na hii ni nini?»

«Bagage,» Mwalimu alisema.

«Bagage yenye madirisha?»

«Mon fils, bagage ingine inahitaji hewa.»

Tulipita. Sijui hata sasa tulipita namna gani. Mwalimu aliketi wima sawa gouverneur, na pale ndipo nilipomuona akicheka kwa meno yote kwa mara ya kwanza. Akaanza kupanga nyumba yake: Biblia hapa, lampe pale, na kiti kimoja ya mugeni.

Mbele ya kufika kijiji cha Kabasha, mvua ilikuwa imeangusha lori ku mupando, imelala barabara nzima, na foleni ya magari nyuma yake. Batu ba akili bakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Lakini madame akafungua kinywa: kuna njia ya haraka zaidi, tournez à droite, geuka kuume.

«Oui, madame.»

«Mwalimu,» Kambale akasema, «hii droite ni ya moto na mbuzi.»

«Wewe unaona wapi? Unaona vitako vya lori. Yeye anaona toka juu.»

Na mimi ninachukia kungoja. Nikasema: geuka.

Kama hujavuta kitu kama kile, nikuambie: kwenda mbele ni rahisi, kurudi nyuma ni msiba. Unageuza usukani kuume, yenyewe inaenda kushoto, inajikunja sawa nyoka. Hivyo kila mita tuliyoingia ilikuwa mita ya kutorudi. Migomba ilipapasa dirisha za caravane pande zote mbili. Tukakuta bamama batatu banatoka shamba na mizigo ya mihogo. Ilibidi baingie mu mufereji tupite.

«Papa,» mumoja akauliza, «munapeleka hiyo nyumba kwa nani?»

«Butembo, mama.»

«Kwa hii njia? Mbele kuna daraja ya miti miwili!»

Mwalimu hakumuuliza, munaona. Ni mama mwenyewe alisema, kama vile madame. Lakini mama alisema Kiswahili na kuchanganya Kinande, na mihogo ku kichwa. Mwalimu alivua kofia: «Wasingya, mama, asante. Ku carte daraja ni mustari mumoja.» Na akafunga kioo.

Daraja ilikuwa miti miwili. Kila mti, gurudumu la jeep lilikaa vizuri sana, ningesema ilitengenezwa kwa jeep. Madame hakudanganya: voiture, alisema itapita, ikapita. Caravane ilikuwa pana kuliko jeep kwa kiganja kizima. Gurudumu la kushoto lilikanyaga hewa. Nilisikia mulio sawa mufupa wa ng'ombe unavunjwa ku soko, na jeep ikavutwa nyuma. Kambale akafunga breki na kumuita Mungu.

Hakuna aliyekufa. Batu ba pale, ndani ndani ya Kalunguta, mbali na barabara kubwa, bakaja na miti na kamba, bakainyanyua, bakaisukuma mpaka ku kipande cha tambarare kando ya shamba, upande wetu wa muto. Chuma ya kushika magurudumu ya caravane ilikuwa imevunjika katikati. Kupandisha ile kitu ku kilima bila magurudumu, hata Samsoni angekataa. Kioo kimoja tu kilipasuka.

Mwalimu alifungua cahier. Akaenda ku daraja na mètre, akapima miti. Akaja, akapima caravane tena. Kipimo chake cha jana kilikuwa kweli mpaka ku kidole. Kila kitu mu cahier kilikuwa kweli.

Na mimi, hasira yangu si ya kucheza. Mbele ya batu bale bote nikamuambia: «Mwalimu! Uliandika ukweli mu cahier ambayo hakuna anayesoma, na uongo ukamupa yule mwenye kutuonyesha njia. Mimi ulinipiga fimbo ju ya saba mara nane. Wewe leo nani atakupiga?»

Batu bakacheka. Nilikuwa ningali natafuta neno lingine la kuongeza. Yeye akafunga cahier, akaiweka chini. Akanyoosha mukono mbele yangu, kiganja juu, vidole vimeshikamana, sawa vile alivyotufundisha kunyoosha.

Kicheko kikakatika. Nilitazama kile kiganja, nikatazama mvua iliyoanza kushuka, nikasema naenda kutafuta réseau ya telefone. Nikapanda kilima. Hakukuwa na réseau hata juu.

Tulipoondoka na jeep, alikataa kupanda. «Nyumba ya mutu haiachwi wazi mu pori. Nitaichunga mpaka fundi aje.» Nikamuambia fundi atakuja mu juma hilo. Halafu kukawa mvua, halafu njia zikawa mbaya kwa mambo ya bunduki munayoyajua, halafu nikawa na mambo yangu. Nilimutumia sukari na blanketi mara moja na kijana mwenye moto. Binti yake wa Kimemi alikuja depot kuniuliza na sura ya kanisa: «Papa yangu uliniachia wapi?» Nikamujibu yuko ku kazi.

Msimu wa maharagwe ulipita mwingine ukaanza, ndipo nilienda. Nilibeba Fuso, bafundi bane, magurudumu mapya, na kamba mpya ya kuvuta, nene sawa mukono, niliyoitoa mu depot yangu mwenyewe. Fuso tukaiacha juu, tukashuka kwa miguu.

Caravane iliwekwa juu ya mawe, imenyooka kabisa. Bila shaka alipima. Kioo kilichopasuka kilikuwa na bati, bati nzuri, si ya kwangu. Mbele yake maharagwe mu mistari ambayo ungesema ni cahier. Bakulima babili balikuwa banangoja ku gogo ya mti, mumoja na mpaka wa shamba wa kupimiwa, mwengine na barua ya kusomewa. Chef wa pale alimupa kile kipande akae, ju tangu afike, magomvi ya mipaka yamepungua: Mwalimu anapima, na hakuna ndugu yake pale wa kumupendelea.

Alitoka akiwa na ile koti. Amekonda, lakini ndevu zimenyolewa.

«Élève,» alisema. «Ingia. Toa viatu.»

Nilitoa. Mimi, mu caravane yangu, nilitoa viatu. Batu bangu bane banatazama! Akanikalisha ku kiti kimoja ya mugeni, akanipa maharagwe na majani ya lengalenga, akangoja nimalize sahani. Nilianza kumuelezea: bafundi bako inje, magurudumu mapya, kesho tutakuwa Kimemi, neno nililokupa ninalo, utalala ndani ku parcelle yangu. Nilisema vizuri. Ninajua kusema.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ku magoti.

«Mukwe wangu alikuja siku ya dimanche,» akasema.

«Ku ile daraja?»

«Ku ile daraja. Alileta sabuni. Alipiga hodi. Nilimupa kiti. Alikula kwangu mpaka akaniomba maji ya kunawa mara ya pili. Tulitazamana, Élève. Ni kijana muzuri wa sura. Sikujua.»

Inje, bafundi bangu balikwisha kupitisha kamba chini ya caravane, banafunga vifundo. Nilikunywa maji yake yote. Halafu nikasimama ku mulango, miguu bila viatu, nikabapigia kelele bafungue kamba, tunaenda bila caravane. Bakaniangalia sawa nimelewa. Mumoja akaanza kukunja kamba ju airudishe ku Fuso.

«Hiyo kamba muache,» Mwalimu akamuambia toka ndani. «Sina fasi ya kuanikia nguo.»